Kongamano lako la kwanza la waandishi Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matangazo ya makongamano yakianza kusambaa, maswali yaleyale huanza kumiminika kwenye simu zetu kutoka kwa wanaoandika kwa Kiswahili hapa Uganda: walimu wa Arua na Kasese, vijana wa Busia, askari mmoja au wawili wanaotunga mashairi zamu ikiwa kimya. Majibu ni haya. Mnaoishi Kampala mnaweza kuruka ya nauli.

Sijawahi kuchapisha hata ukurasa mmoja. Naruhusiwa kuhudhuria?

Ndiyo. Waandaaji wengi hawaulizi umechapisha nini, wanauliza kama umejiandikisha. Kinachochujwa ni nafasi za warsha, kwa sababu mkufunzi hawezi kusoma kazi za watu mia, na nafasi za kuwasilisha makala. Kuketi ukumbini, kuuliza maswali na kunywa chai hakuhitaji kitabu chenye jina lako.

Ila jiandae kwa swali moja utakaloulizwa kuanzia mlangoni: unaandika nini? Jibu kwa kutaja kazi. "Naandika hadithi fupi kuhusu wavuvi wa Ziwa Albert" linatosha, na mwenzako atakuwa na la kuuliza. Ukisema "Aa, mimi bado, najaribujaribu tu", hapo mazungumzo yameisha, naye atageukia aliye nyuma yako.

Kongamano, tamasha, warsha: niende lipi?

Kongamano la kitaaluma, kama yanayoandaliwa na CHAKAMA (Chama cha Kiswahili Afrika Mashariki) au CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani), huomba ikisiri, yaani muhtasari wa makala, mapema, huchagua, kisha kila mtu hupewa dakika zake chache za kuwasilisha na kujibu maswali. Mwalimu wa Kiswahili atatoka na mengi. Mtunzi aliyekwenda kutafuta dawa ya sura ya tisa ya riwaya yake atasikia zaidi habari za isimujamii.

Tamasha ni la wasomaji na waandishi pamoja: usomaji, mijadala, meza za vitabu, na usiku muziki. Kampala ina historia nzuri hapa. Writivism ilianza mwaka 2013 na kuwaleta pamoja vijana waandishi kutoka nchi nyingi za Afrika, na Babishai Niwe, iliyoanza mwaka 2008 kama tuzo ya ushairi, ikakua hadi kuwa na tamasha lake. Warsha ni watu wachache, mlango umefungwa, kazi zenu ziko mezani na kila mmoja amezisoma.

Kwa mtazamo wangu, mwenye muswada uliokwama atafute warsha. Asiyewahi kukaa na mwandishi mwingine hata mmoja aende tamasha kwanza. Warsha ya kwanza bila hata rafiki mmoja wa fani hii huwatisha wengi.

Matangazo yote ni ya Kiingereza na mimi naandika kwa Kiswahili. Si nitakaa kama bubu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulikalie.

Ukweli ni huu: vikao vingi vya Kampala huendeshwa kwa Kiingereza, mizaha hutolewa kwa Kiluganda, na Kiswahili hungoja mtu wa kukileta. Usishangae ukisoma kipande chako na mzee mmoja akakunja uso. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri, na watu wengi wa rika fulani walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Kumbukumbu hiyo haikuhusu wewe wala shairi lako. Soma, kisha umfuate mzee huyo wakati wa chai. Mara nyingi anakijua Kiswahili vizuri kuliko anavyoonyesha.

Mambo yamebadilika pia. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 ukakiweka kuwa somo la lazima Senior One na Two, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Julai 2023 sherehe za Jumuiya ya Afrika Mashariki za Siku ya Kiswahili Duniani zilifanyika Kampala hapahapa. Walimu bado ni wachache na utekelezaji unakwenda kwa kusuasua, kila aliye shuleni anajua. Lakini mwandaaji wa leo anayetafuta mtu wa kusoma kwa Kiswahili hana orodha ndefu ya kuchagua.

Na suala lenyewe la lugha ya kuandikia lilizaliwa hapa. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana chuoni Makerere: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na Langston Hughes aliyetoka Marekani. Sharti la mwaliko lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi wa Makerere na hadithi fupi chache tu mkononi, akaingia. Shaaban Robert, mwenye mashairi na tenzi na nathari ya kujaza rafu, hakuhesabika. Mshairi huyo alifariki mwezi uleule. Ngũgĩ mwenyewe alilirudia jambo hilo baadaye kama kielelezo cha kasoro ya mkutano ule, na hatimaye akaanza kuandika riwaya zake kwa Kikuyu.

Okot p'Bitek, Mganda wa Gulu, alitunga utenzi wake maarufu, Wer pa Lawino (Song of Lawino), kwa Kiacholi kwanza. Tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1966, na Kiacholi chenyewe kikasubiri hadi 1969. Kazi ikawa kubwa hata hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba lugha yako itakufungia mlango, una la kujibu.

Sasa hatua za vitendo. Waandikie waandaaji wiki kadhaa kabla, uulize kama unaweza kusoma kwa Kiswahili, na ujitolee kuleta muhtasari wa Kiingereza wa sentensi tatu. Ukipewa beji ya kuandika mwenyewe, chini ya jina andika "Kiswahili". Wakenya na Watanzania waliokuja watakutafuta wao wenyewe, na jioni mtakuwa meza moja. Katika mijadala uliza swali lako kwa lugha unayoimudu: ukiuliza kwa Kiswahili, karibu kila mara kuna mtu ukumbini wa kulifasiri.

Itanigharimu kiasi gani?

Ada hutofautiana mno. Matamasha mengi hayana kiingilio, warsha nzuri mara nyingine hulipiwa na wafadhili, makongamano ya kitaaluma hutoza. Waandikie kuuliza kama kuna ada nafuu kwa wanafunzi au kazi ya kujitolea. Anayepanga viti na kuwapokea wageni huhudhuria bure, na huwajua watu wengi kuliko aliyelipa.

Nauli na malazi ndivyo vinavyoumiza. Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, Busia kama 200. Mabasi ya Arua mengi husafiri usiku na kufika kabla ya mapambazuko. Kaa ndani ya stendi hadi kukuche, usikurupukie boda ya kwanza ukiwa na begi na usingizi machoni. Mkutano ukiwa Makerere, tafuta chumba Wandegeya au Kikoni uweze kwenda kwa miguu. Ukiwa kituo cha utamaduni cha Ndere kule Ntinda au Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini, angalia upande unaotoka: jamu ya Jinja Road asubuhi haimjali mwenye mada ya ufunguzi. Nyumba za wageni za kanisa pande za Namirembe huwa tulivu, na bei zake huvumilika.

Weka na akiba ya vitabu. Utavitaka.

Chakula je?

Chai na mlo wa mchana huwa ndani ya ada. Jioni, Wandegeya ina roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) na kikomando (chapati na maharage) kwa pesa kidogo.

Nibebe muswada wangu wote?

Usiubebe kwenye karatasi. Hakuna mhariri atakayekubali kurasa 300 ukumbini, na akizipokea kwa adabu ataziacha hotelini. Beba kurasa mbili au tatu zilizosafishwa, zile unazoweza kuzisoma kwa sauti bila kuomba radhi. Muswada wenyewe uwe kwenye simu na kwenye barua pepe yako, tayari kutumwa ukiombwa. Beba pia daftari, kalamu mbili, betri ya akiba ya simu kwa ajili ya umeme ukikatika, na koti jepesi au mwavuli ikiwa ni Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba. Kadi za biashara ni hiari. Kubadilishana namba za simu kunatosha, mradi umwandikie mwenzako ujumbe papo hapo wa kumkumbusha wewe ni nani.

Nivae nini?

Nguo safi unayoweza kukaa nayo saa nane. Kitenge, gomesi, kanzu, jinzi, vyote utaviona.

Ratiba ina vikao vitatu kwa saa moja. Nichague vipi?

Chagua kwa mtu, si kwa kichwa cha mada. Vichwa vya mada hutungwa na kamati na vingi hufanana. Mzungumzaji mwenye jambo atalisema hata mada ikiwa mbovu. Na usihudhurie kila kikao. Anayekimbia kutoka chumba kimoja hadi kingine tangu asubuhi hurudi nyumbani na daftari lililojaa na hakumjua mtu. Acha kimoja kila siku, ukae nje kwenye kivuli. Wapo wengine waliofanya hivyo, na mara nyingi ndio wenye mazungumzo.

Nataka kumsogelea mwandishi mkubwa lakini naogopa. Nianzeje?

Mwaka ule wa 1962 Ngũgĩ, akiwa mwanafunzi, alimpa Achebe muswada wa riwaya ausome. Achebe akausoma, na mwaka 1964 riwaya ikatoka katika mfululizo wa vitabu uleule uliomchapisha Achebe mwenyewe. Kisa hiki kimewapa moyo wengi, na kimewapa wahariri mizigo mingi pia. Tazama kilichokuwapo: muswada ulikuwa umeandikwa, na walikuwa wamekaa pamoja siku kadhaa.

Kwa hiyo usimrukie mtu akishuka jukwaani, amechoka na anatafuta maji. Subiri apate kiti. Salimia kama ungemsalimia mtu wa rika lake nyumbani. Mtanzania mzee ataifurahia shikamoo, Mkenya aliyefundisha muite Mwalimu, na mwenyeji wa Kampala ukimwita ssebo (bwana) au nnyabo (mama) hujakosea. Kisha taja kitu kimoja mahususi ulichokisoma katika kazi yake, uulize swali moja, usikilize jibu hadi mwisho. Kama hujamsoma, mwambie ulichokisikia kwenye kikao chake. Usimsifu kwa kitabu usichokifungua, atajua.

Na usiwapite walio sawa nawe ukiwatazama wakubwa tu. Huyo binti wa Mbale aliyekaa pembeni yako akiandika kwa penseli, baada ya miaka kumi huenda ndiye atakayekuwa anahariri jarida.

Kutakuwa na wachapishaji. Niwaambie nini?

Waambie kazi ni ya aina gani, ina urefu gani, imekamilika au la, na msomaji wake ni nani. Nusu dakika. Fahamu vilevile soko lilivyo: wachapishaji wa Uganda huishi kwa vitabu vya shule, na tangu Kiswahili kiwe cha lazima Senior One na Two wanahitaji hadithi rahisi zenye mazingira ya hapa, zisizodhani kwamba kila mtoto amekulia Tanga. Kama unaweza kuandika hizo vizuri, una nguvu kuliko unavyofikiri. Riwaya ya watu wazima kwa Kiswahili itapata njia rahisi zaidi Nairobi au Dar es Salaam, na kwa miswada mizuri ipo tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea kazi ambazo bado hazijachapishwa.

Mmoja ameniambia atanichapisha nikilipa. Nikubali?

Anayetaka pesa zako anakuuzia huduma ya uchapaji. Si dhambi, ila ujue unanunua nini. Muulize kwa maandishi: nakala ngapi, nani anamiliki haki, nani anazisambaza, mkataba unaisha lini na haki zinarudije kwako. Mchapishaji wa kawaida hakutozi, anakulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo ya kitabu, mara nyingi karibu asilimia 10. Na kama umeamua kujichapisha mwenyewe, namba ya ISBN huombwa Maktaba ya Taifa ya Uganda. Huna haja ya wakala wa kukuuzia. Usisaini kitu chochote ukumbini, hata kama kalamu ni ya bure.

Nikisoma kazi yangu mbele ya watu, hawataniibia wazo?

Wazo halilindwi na sheria, wala lisingeweza kulindwa: kisa cha msichana anayekimbia ndoa kimeandikwa mara elfu. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda maneno yako uliyoyaandika, tangu unapoyaandika, kwa uhai wako wote na miaka 50 baada yake, hata bila kusajili. Ukitaka ushahidi zaidi, unaweza kusajili kazi URSB, ofisi ya serikali ya huduma za usajili. Kwa uzoefu wangu wanaoficha kazi zao kwa kuogopa wezi hupoteza zaidi kuliko wanaoibiwa: hawapati msomaji wa kuwaambia kwamba ukurasa wa pili unachosha.

Nimepewa dakika tano jukwaani. Nifanye nini nazo?

Soma dakika nne. Nathari ya Kiswahili isomwayo kwa utulivu haizidi maneno 450 katika muda huo, kwa hiyo pima nyumbani kwa saa, kwa sauti, ukiwa umesimama. Usianze na historia ya maisha yako. Taja jina, kazi, soma.

Mshairi wa Kiswahili ana silaha ambayo wenzake wa Kampala wengi hawana: kughani. Hadhira imezoea ushairi wa jukwaani wa maneno ya haraka na mikono hewani. Tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, yenye mizani kumi na sita, ikighaniwa polepole, huunyamazisha ukumbi hata kwa wasioelewa. Chagua shairi ambalo kituo chake, yaani mstari wa mwisho, kinarudi kila ubeti. Kabla ya kuanza toa maana ya shairi kwa sentensi mbili za Kiingereza au Kiluganda, kisha wafundishe kituo hicho, wakisema mara mbili. Kufika ubeti wa tatu watakuitikia wenyewe. Beti sita zinatosha. Usifasiri ubeti kwa ubeti katikati ya shairi, utaliua.

Mikono ikitetemeka, shika karatasi ngumu au kitabu badala ya simu. Kipaza sauti kikikoroma, rudi nyuma hatua moja usubiri fundi, usipige kelele kushindana nacho.

Naruhusiwa kuuliza swali kwenye mjadala?

Karibu. Liwe swali. Kila ukumbi una bwana mmoja anayesimama na kusema "mimi sina swali bali nina mchango", kisha tunakosa chakula cha mchana. Usiwe yeye.

Mimi ni mwanamke na nitasafiri peke yangu. Kuna la kuzingatia?

Jua utalala wapi kabla ya kupanda basi, mpe ndugu jina la mahali na namba ya mwandaaji, na jioni rudini kwa kikundi. Mtu yeyote, awe mshairi maarufu au mkufunzi, akikwambia muswada wako utazungumzwa chumbani kwake, jibu ni hapana, na mweleze mwandaaji siku hiyohiyo. Mazungumzo ya kazi yana meza zake hapo chini.

Wenye watoto wachanga, ulizeni mapema kama kuna chumba. Mara nyingi huwa hakuna, lakini ukiuliza hutafutwa.

Na ukiwa Kampala pita FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanzishwa na Mary Karooro Okurut katikati ya miaka ya 1990. Ofisi zake ziko Kira Road, Kamwokya. Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika, mwaka 2007, alipitia hapo. Klabu yao ya wasomaji na waandishi imekuwa ikikutana Jumatatu jioni kwa miaka mingi, na wanaume huketi pia. Kwa asiye na nauli ya kongamano lakini yuko karibu na Kampala, hapo ni mwanzo mzuri kuliko tamasha lolote.

Natoka Kenya au Tanzania. Nahitaji hati gani?

Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wote mbebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukileta vitabu vya kuuza, beba orodha yake yenye bei, na umwombe mwandaaji barua ya mwaliko: ofisa wa forodha wa Malaba au Mutukula akiona boksi la vitabu vinavyofanana atauliza.

Nikirudi nyumbani nifanye nini?

Andika ndani ya siku mbili au tatu kwa kila aliyekupa namba, ujumbe mfupi wenye jambo moja mliloongea. Aliyeomba kazi mtumie kazi, si maelezo ya kwa nini haijawa tayari. Kisha tafuta wawili tu mnaoweza kubadilishana kurasa kila mwezi. Kundi la WhatsApp la wahudhuriaji wote litajaa salamu za asubuhi na matangazo ya misiba, mwisho litanyamaza. Wawili wanaosomana hubaki.

Kuna cheti?

Makongamano ya kitaaluma hutoa, matamasha mengi hayatoi. Kama unakihitaji kwa mwalimu mkuu aliyekupa ruhusa, mwombe mwandaaji barua ya kuthibitisha mahudhurio, jina lako likiwa limeandikwa sawasawa, kabla ya siku ya mwisho. Siku hiyo atakuwa anahesabu viti vya kukodi na hatakusikia.